Mgomba wa Nyuma ya Jiko

Tunduru, Ruvuma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, mgongo umekupa nafasi ya kupalilia, na mvua imepunguza utani wake, maana nasikia huko imenyesha hadi kahawa imegoma kukauka. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekaa juu juu, haushuki hata nikinywa maji.

Najua unashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Simu ya nyumbani ni ya Tata, na baba yule akipigiwa huweka sauti kubwa hadi Kagoma nzima ijue mimi huku nimekula nini. Ninayotaka kusema leo si ya sauti kubwa. Ndiyo maana nimeituma kwa basi mpaka dukani kwa Asimwe, Muleba mjini, akusomee kwa sababu ya macho yako.

Asimwe mdogo wangu, soma polepole. Usiruke mstari kwa kuona aibu, nakujua. Na kama umekimbilia kuifungua nyumbani, kunja sasa hivi, mwambie Mama anahitajika dukani kuchagua kitambaa, muondoke wote wawili. Nawasubiri.

Haya. Mama, umekaa? Kaa kwenye gunia la sukari, usisimame.

Unakumbuka nilikuambia nasomea stashahada ya ualimu wa awali chuoni kwa njia ya mtandao. Darasa letu ni simu. Mtandao hapa hushika vizuri karibu na tangi la maji la shule, na akina mama wanaokuja kuchota wameshazoea kuniona nimesimama pale, nimeziba sikio moja, naitikia mtu asiyeonekana. Muhula huu tuna somo linaloitwa Fasihi ya Watoto. Ndiyo Mama, hadithi za watoto zinasomewa chuoni, na mtihani wake unatoa jasho. Tunajifunza kwa nini mtoto anataka neno lirudiwe, kwa nini wimbo ukae katikati, na kiasi gani cha woga kinamfaa mtoto wa miaka mitano. Mhadhiri wetu ana neno moja analopenda: mtishe mtoto, mpoteze, lakini usifunge kitabu kabla hujamrudisha kwao.

Siku aliposema hivyo nilicheka peke yangu pale tangini. Nilisema, hilo Mama yangu analijua, wala hajawahi kusikia neno fasihi.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa hii: andika hadithi uliyosimuliwa utotoni, iwe kitabu cha picha cha darasa la awali, na mwishoni ueleze ulikoitoa. Sikufikiri mara mbili. Niliandika hadithi yako ya msichana wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Niliandika jinsi alivyokatazwa kuvuka mgomba wa mwisho wa kibanja, shamba la nyumbani, jinsi senene walivyotua rweya, kule kwenye majani matupu, naye akawafuata mmoja mmoja na kikapu chake, hadi ukungu ukashuka na migomba ya watu wote ikafanana. Niliandika na wimbo wake, ule anaoiita migomba ya kwao ili ajue ipi ni nyumbani:

Mgomba wa shimoni, umeniona?
Mgomba ulioinama, umeniona?
Mgomba wa mpakani, umeniona?
Mgomba wa kitovu cha mtoto, niitie mama.

Niliichora mwenyewe. Ule ulioinama niliuchora na nguzo yake ya mti wa mruka, kama ulivyokuwa. Kwenye maelezo nikaandika kwa kujidai kwamba hadithi hii ni ya nyumbani kwetu tu, aliitunga mama yangu, haipo kwingine kokote duniani. Unajua sisi watu wa huko tulivyo na maringo ya vitu vya kwetu. Nikatuma, nikalala usingizi mzuri.

Wiki iliyofuata niliitwa. Mwanafunzi mwingine alikuwa ametuma hadithi hiyohiyo. Msichana yuleyule, senene walewale, wimbo uleule, hata mgomba wa mpakani. Jina lake Sauda Idrisa, mwalimu wa chekechea, anaishi Bukoba. Na yeye pia, Mama, alikuwa ameandika chini kabisa kwamba hadithi hii ni ya nyumbani kwao tu, haipo kwingine kokote.

Hilo ndilo lililotuponza. Tungesema tu ni hadithi ya Wahaya, kila mtu angeielewa, maana hadithi za watu wengi husambaa. Lakini kila mmoja aliapa ni yake peke yake. Chuo kina jina la kosa hilo: wizi wa kitaaluma. Anayepatikana nalo anafukuzwa, na barua inakwenda kwa mwajiri wake. Fikiria mimi, mwalimu wa watoto wadogo, nisimame mbele ya wazazi hapa nikiwa nimefukuzwa kwa wizi wa hadithi ya watoto.

Nilipandwa na hasira, Mama. Hasira hii nimeirithi kwa Tata, sitasingizia mtu mwingine. Nilikumbuka niliwahi kuweka mchoro mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, ule wa msichana na kikapu, nikasema basi huyu kaniibia kutoka pale. Nilimwandikia palepale mbele ya wanafunzi wote: "Sauda, tafuta mama yako akusimulie, usisimuliwe na wa kwangu." Watu wakaweka vichwa vya kucheka. Yeye hakujibu chochote. Nikasema, unaona, mwizi hana la kusema.

Halafu tukaitwa wote wawili mbele ya baraza la chuo, kwa video. Mhadhiri wetu alikuwa pamoja na watu wawili nisiowajua. Niliwaza nitamkuta binti mwenye macho ya ujanja. Nikamwona msichana mwembamba, kajitanda ushungi wa kijani, mwenye woga kama mimi.

Mhadhiri akaniuliza, "Editha, hadithi hii umeitoa wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Na wewe, Sauda?"

"Kwa mama yangu."

"Mama zenu wanafahamiana?"

Nikawahi kujibu mimi. Nikasema, "Hapana, hata kidogo."

Wakatutaka tuimbe wimbo, mmoja mmoja. Nikaimba kama nilivyoandika. Nilipomaliza Sauda akanyoosha kidole, akasema kwa upole, "Samahani waheshimiwa, dada amekosea mstari wa mwisho." Akaimba wake. Mama, akaimba kwa sauti inayopanda palepale unapopandisha wewe, na mstari wa mwisho ukatoka hivi: Mgomba wa kitovu cha Koku, niitie mama.

Asimwe, hapa simama kidogo. Chungulia nje uone ni nani yuko kwenye baraza la duka. Kisha endelea.

Mama, mimi sikuandika jina hilo. Niliandika "mtoto", kwa sababu Tata akiwa ndani uliimba "mtoto". Lakini akienda kwenye vikao vya kanisa uliimba "Koku", chinichini, ukiwa umetupa mgongo kama unachochea moto. Nilikuwa mdogo lakini masikio yalikuwa makubwa. Kwa hiyo yule binti hakuniibia. Hakuna mahali pa kuliiba jina hilo. Kuna mtu mmoja tu duniani uliyekuwa ukimwimbia hivyo, naye ni dada yetu mkubwa.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Ni kwa sababu tangu nijue kutembea nimefundishwa kwamba jina hilo halitajwi nyumbani kwetu. Mhadhiri akaendelea, akasema kinachomtia shaka zaidi ni mwisho wa hadithi. Kwa Sauda, mgomba wa kitovu unaitikia, msichana anaingia kwa njia ya mbele, yamekwisha. Kwangu mimi kuna upepo unaoung'oa ule mgomba, msichana anapita nyumbani kwao bila kupajua, anapita tena, hadi anamsikia mama yake nyuma ya jiko, akimwagilia chipukizi la mgomba uleule, na anaingia kwa nyuma. Wakasema anayeiba hadithi hubadilisha mwisho ili asijulikane. Wakatupa muda, kila mmoja alete msimulizi wake mwenyewe, la sivyo wataamua kwa karatasi zilizo mezani.

Jioni ile nilimwandikia Sauda, safari hii peke yake: "Mama yako anaitwa nani?"

Akajibu, "Kwa nini? Unataka kumtukana na yeye?"

Nilistahili. Nikamwomba radhi, maneno mengi, mengine na machozi. Nilishakata tamaa ndipo ikaja: "Mtaani wanamwita Mama Sauda. Jina la kwao ni Kokugonza."

Sasa Mama, usinikasirikie kwa hili linalofuata, au kasirika lakini sikiliza hadi mwisho. Likizo ya Juni nilisema sitakuja kwa sababu ya shughuli za shule. Nilikuja. Nilipanda basi mpaka Bukoba, nikapita Kagoma mchana kweupe. Basi lilisimama kushusha mama mmoja na magodoro yake, na upande wa pili wa barabara alikuwa amesimama Tata, kashika baiskeli, anazungumza na watu wa ushirika wa kahawa. Akainua macho akalitazama basi lile kioo kwa kioo kama anayetafuta mtu. Nilijifunika kitenge hadi kichwani. Jirani yangu akaniuliza kama naumwa. Nilimwona Tata amekonda shingo, Mama. Nilitaka kushuka na nilitaka basi liondoke, yote kwa pamoja. Likaondoka.

Sauda alinipokea stendi. Ana pua yako. Tulikwenda mpaka kwao Nshambya, nyumba ya matofali yenye migomba pande zote na kahawa kidogo kwa mbele, na cherehani barazani. Shemeji Idrisa ni fundi wa nguo, mtu mpole kabisa, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akazikwa hapohapo Bukoba. Alinikaribisha, akaniita shemeji bila kuuliza maswali, akavaa kofia yake akasema anaenda msikitini, ingawa adhana ilikuwa haijasikika. Alituachia nafasi.

Koku alikuwa anamenya ndizi. Aliponiona mlangoni kisu kikasimama. Hakuniamkia, hakunikaribisha. Aliuliza, "Nani amekufa?"

Nikasema, "Hakuna aliyekufa, dada."

"Mama?"

"Mzima."

"Tata?"

"Nimemwona njiani. Mzima."

"Sasa umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Mimi ni Editha."

Akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni. Alipoondoka kwetu nilikuwa nabebwa mgongoni, na wa kunibeba alikuwa yeye. Akasema, "Mae! Katoto kale kenye kelele?" Ndipo akacheka na kulia, na kisu bado kiko mkononi, hadi Sauda akamnyang'anya.

Akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyoletewa. Kikapu kikampinduka, punje zikamwagika. Tukaziokota wote watatu chini ya meza, na nafikiri kule chini ndiko tulikozoeana.

Nikamweleza shida yetu. Sauda alikuwa ameshamwambia nusu, nusu ya matusi yangu alikuwa ameificha, jambo ninalomshukuru. Koku akasema haraka, "Basi nitakwenda mimi mbele ya hao walimu. Nitasema mwanangu kaitoa kwangu." Halafu akapangua mwenyewe. "Lakini nikisema mimi peke yangu, wewe ndiye unakuwa mwizi."

"Ndiyo."

"Na Mama akisema wewe peke yako, Sauda ndiye mwizi."

"Ndiyo, dada."

"Waitu," akasikitika, akarudi kwenye ndizi zake. Anamenya kama wewe, kisu kikielekea nje, ganda linaondoka lote bila kukatika.

Baadaye akaniambia, "Hebu isimulie ya kwako. Nisikie hiyo tofauti wanayosema."

Nikaanza kama ipasavyo. Nikasema nilikwenda nikaona. Wao wawili wakaitikia, ona nasi tuone. Nikasimulia senene, rweya, ukungu, nikaimba, na safari hii niliimba jina kwa sauti yote. Nilipofika kwenye upepo, Koku akainua mkono.

"Upepo upi? Hadithi haina upepo."

"Kwetu ina upepo."

"Nani kauweka?"

"Mama."

"Lini?"

"Sijui lini. Mimi tangu nipate akili upepo upo."

Akanitaka niendelee. Nikamwambia jinsi mgomba wa kitovu ulivyong'olewa na mizizi yake, shimo likabaki mbele ya nyumba. Nikamwambia jinsi msichana anavyopita bila kupajua kwao. Kisha mama, nyuma ya jiko, na chipukizi alilolificha upepo usilione, na maneno unayosema pale mwisho: asiyeweza kuingia kwa mbele na aingie kwa huku, mlango wa huku sikuufunga.

Koku aliinuka akatoka nje. Sauda alitaka kumfuata nikamzuia. Tulimwona kupitia dirisha amesimama katikati ya migomba yake, amejishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akauliza swali moja tu.

"Jiko bado liko upande ule wa kahawa?"

Hapo ndipo nilipoelewa, Mama, na nikaona haya kwamba mimi ninayejifunza hadithi za watoto chuoni nilichukua muda wote huo. Hakukuwa na upepo. Koku aliniambia siku aliyoolewa na Mwislamu, Tata alichukua jembe mbele ya watu. Kitovu chake kilizikwa chini ya ule mgomba, na Tata akaung'oa hadi mizizi, akasema hana mtoto wa kwanza. Koku aliuona kwa mbali, kutoka barabarani, na mzigo wake kichwani. Ameishi miaka yote akijua hana mahali kwetu, kwa sababu mahali pake palichimbwa.

Na mimi nikakumbuka mgomba wa nyuma ya jiko. Ule uliokuwa unautandikia nyasi kuliko mingine yote. Siku Asimwe alipokata jani lake kufungia maharage ulimfokea hadi tukashangaa, wewe usiyefoka. Tata alipita hapo kila siku akienda kuoga. Aliona mgomba tu. Sisi tuliona mgomba tu. Kumbe ulikuwa unatuambia kila jioni, mbele yake, na sote tunaitikia, ona nasi tuone, wala hatuoni.

Nilimwambia Koku. Nilimwambia, Mama aliokoa chipukizi lako, lipo, limezaa na kuzaa. Alikaa sakafuni. Sauda akamshika mabega. Sijawahi kuona mtu mzima akilia vile bila kutoa sauti.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, baraza la chuo litakaa tena kwa video. Wanataka msimulizi. Aliyeitunga ni wewe. Ukija, Asimwe atakuwekea simu kwenye chumba cha nyuma cha duka. Najua kwetu hadithi ni za jioni na utasema nakutaka usimulie mchana kama mwendawazimu. Asimwe atafunga dirisha, fanya kama giza limeingia.

Lakini si kusimulia tu. Ukisimulia mwisho wangu peke yake, Sauda anafukuzwa. Ukisimulia wa zamani peke yake, nafukuzwa mimi. Itabidi uisimulie mara mbili, mara ya kwanza bila upepo, mara ya pili na upepo. Na mhadhiri wetu, ambaye si mtu mbaya, atakuuliza: mama, kwa nini uliubadilisha?

Hapo ndipo pagumu. Jibu la swali hilo likitoka litafika nyumbani. Muleba ni padogo, na Asimwe ana mdomo, usikatae Asimwe. Tata atajua kwamba nilikwenda Nshambya, kwamba wewe umelitaja jina, na kwamba kile alichokichimba mbele ya watu wewe ulikipanda tena nyuma ya mgongo wake akakila miaka yote bila kujua. Namwogopa Tata, Mama, nasema wazi. Simwogopi kwa sababu ni mbaya. Namwogopa kwa sababu sijawahi kumwona akirudisha neno lake, hata kwenye mambo madogo ya chumvi. Sijui atakufanyia nini. Sijui atajifanyia nini mwenyewe.

Kwa hiyo sikuamuru, wala sikutungii jibu. Usipokuja sitakulaumu. Nitakwenda mbele yao niseme hadithi niliipata kwa mtoto wa dada yangu, nitoke chuoni mimi, Sauda abaki. Nimeshamwambia Koku hivyo. Alinijia juu. Alisema, "Unataka na wewe uishi barabarani na mzigo kichwani?" Tuligombana hadi shemeji akarudi kutoka huko msikitini alikokaa muda mrefu kuliko imamu. Kugombana naye kulinifurahisha kuliko salamu zote, maana anagombana kama mtu wa kwetu.

Asubuhi ya kuondoka alinifungia ndizi za kuchoma na senene wa kukaanga waliobaki msimu uliopita, nile njiani. Nilimuuliza nikuletee ujumbe gani. Akasema hana ujumbe. Nikasema, dada, baada ya miaka yote hii? Akasema, "Mwambie namwamkia. Mengine ataona." Ndiyo hayo nimeyaleta kama yalivyo: Kokugonza anakuamkia, shikamoo Mama.

Jumamosi hiyo yeye na Sauda watakuwa kwenye simu moja pale Nshambya, mimi hapa tangini. Utaona nyuso zetu ndogondogo, kila moja kwenye kisanduku chake. Usishtuke. Ukisema nilikwenda nikaona, tutaitikia sote watatu, na mhadhiri nimemwambia lazima naye aitikie, la sivyo hadithi haianzi.

Nisalimie shangazi yangu wa Kanazi akija na habari zake za ndoa za watu, umwambie mimi bado sijapata, asichoke. Msalimie mama yangu wa ubatizo anayekusaidia kuchuma kahawa. Wewe Asimwe, nakusalimia pia, na asante kwa kusoma mpaka hapa. Kunja barua hii uiweke ndani ya shati. Tata msalimie sana, Mama. Mwambie niko salama shuleni, maana ni kweli, na mwambie aache kusimama barabarani kwenye jua.

Nilidanganya kidogo hapo juu. Ujumbe Koku alikuwa nao, ila aliusema basi likiwa limeshaanza kuondoka, akikimbia kando ya dirisha na kanga imemwanguka begani. Aliuliza ule mgomba wa nyuma ya jiko umefikia machipukizi mangapi, na kama kuna moja Mama anaweza kumpa akapande kwake.

Nilimwambia akuulize mwenyewe Jumamosi, hadithi ikiisha.

Mwanao ninayekupenda na kukuhofia,

Editha